Roald Dahl na ujira wa punje za kakao

Februari 2023, ilipojulikana kwamba kampuni ya uchapishaji ya Puffin imefanya mamia ya mabadiliko katika vitabu vya watoto vya mwandishi Mwingereza Roald Dahl, Waingereza waligombana kana kwamba mtu amefukua kaburi. Augustus Gloop, mtoto mlafi wa hadithi ya kiwanda cha chokoleti, hakuitwa tena mnene bali mkubwa mno, na Oompa-Loompa, wafanyakazi wa kiwanda hicho, wakageuka kutoka wanaume wadogo kuwa watu wadogo. Mwandishi Salman Rushdie aliyaita mabadiliko hayo udhibiti wa kipuuzi, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikatangaza kwamba vitabu 17 vitachapishwa pia kwa maneno yake ya zamani.

Hoja ya wanaotaka maneno yaachwe yalivyo si nyepesi. Dahl mwenyewe, akizungumza na mchoraji Francis Bacon mwaka 1982, alisema amekwisha kuwaonya wachapishaji wake kuwa wakithubutu kubadili hata mkato mmoja, hawatapata tena neno lolote kutoka kwake. Tena ukali wa vitabu vyake haukuwa urembo. Mwaka 1920, akiwa na miaka mitatu, alifiwa na dada yake na baba yake ndani ya majuma machache, na mwaka 1962 surua ilimuua binti yake Olivia akiwa na miaka saba, umri uleule aliokufa nao dada huyo. Mtu aliyepitia hayo hatazamiwi kuandika ulimwengu ambamo watu wazima wote ni wema, na mhariri anayelainisha lugha yake huenda anamnyima mtoto kile hasa alichokifuata.

Hata hivyo, ni upande wa pili, ule wa walalamikaji, uliosomwa vibaya, na si jambo la juzi. Katika toleo la kwanza la Charlie and the Chocolate Factory, lililotoka Marekani mwaka 1964, Oompa-Loompa walikuwa mbilikimo weusi waliotolewa katika msitu wa Afrika ambao, kwa maelezo ya Willy Wonka mwenye kiwanda, hakuna mzungu aliyewahi kuufikia. (Watu wanaoitwa mbilikimo wapo, wana majina yao wenyewe, Wambuti wa Ituri wakiwamo, katika sehemu ya Kongo ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni.) Hadithi ilipotengenezwa filamu, NAACP, shirika la kutetea haki za Wamarekani weusi, lililalamika, na filamu ya 1971 ikawapa Oompa-Loompa ngozi ya rangi ya chungwa na nywele za kijani. Mwaka 1972 Eleanor Cameron, naye mwandishi wa hadithi za watoto, alikikosoa vikali kitabu hicho katika jarida la Horn Book. Dahl alimjibu kwa hasira, lakini toleo la 1973 lilitoka likiwa na Oompa-Loompa weupe wenye nywele za kahawia ya dhahabu, wenyeji wa nchi ya kubuni iitwayo Loompaland. Yule aliyekataza mkato usiguswe alikuwa amekwisha kubadilisha kabila zima.

Je, walalamikaji waliridhishwa? Nadhani walijibiwa swali ambalo hawakuliuliza. Rangi ilibadilika, lakini katika toleo hilo la 1973 watu walewale bado wanasafirishwa kwa siri ndani ya makasha makubwa yaliyotobolewa matundu, na bado ujira wao ni punje za kakao. Bado wanajaribiwa peremende: mzee mmoja wao anakunywa kinywaji cha kumpaisha, anapaa, anapaa, anapotelea angani, na Wonka anasimulia kisa hicho kama jambo la kusikitisha kidogo. Hakuna anayeuliza kama mzee yule alikuwa na watoto. Msomaji anayejua kwamba zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Côte d'Ivoire na Ghana hawezi kuupita mshahara huo kwa kicheko tu, hata wanaoupokea wapakwe chokaa. Lalamiko halikuwa juu ya neno wala juu ya rangi. Lilikuwa juu ya mpango mzima wa kazi, na mpango huo haukuguswa.

Dahl hakuwa mgeni wa Afrika. Shell ilimleta Dar es Salaam mwaka 1938, akajifunza Kiswahili, akazunguka kwenye mashamba ya mkonge na migodi ya Tanganyika, na mwaka uliofuata akajiunga na jeshi la anga mjini Nairobi. Katika kumbukumbu zake za 1986 anamsimulia Salimu, mtunza bustani, ambaye yeye Dahl alimpigia kelele kwa Kiswahili kumwonya kuwa nyoka yuko nyuma yake. Mjane wa Dahl alieleza mwaka 2017 kwamba hata Charlie mwenyewe, katika mswada wa awali, alikuwa mtoto mweusi, na mwandishi wa wasifu wa Dahl, Donald Sturrock, akaongeza kwamba wakala wake wa uandishi ndiye aliyempinga. Kwa hiyo sishawishiki na wanaomwona mbaguzi asiyejua kitu. Ninachokiona ni mtu aliyeishi katika nyumba ambamo kila Mzungu alikuwa na mtumishi wake, akawapenda watumishi hao kwa majina, na baadaye akabuni kiwanda ambamo watumishi huimba siku nzima bila majina.

Wahariri wa 2023 nao walihangaika na majina. Katika Matilda, hadithi ya msichana anayesafiri dunia kwa kusoma waandishi mbalimbali, walimwondoa Kipling na India yake, wakamwondoa Conrad na merikebu zake, wakawaweka Steinbeck na Jane Austen. Hemingway, aliyekuja Tanganyika miaka ya 1930 kuwinda simba, hawakumgusa. Bado ndiye anayempeleka Matilda Afrika.