Hong Kong Haionekani Ukiwa Ndani ya Basi

Juzi jioni, kwenye kundi letu la WhatsApp la wafanyabiashara wa Kariakoo, mwenzetu mmoja alirusha tangazo. Wanaokwenda maonyesho ya biashara ya Guangzhou, China, mwezi wa kumi wanaweza kuongeza siku moja wakaione Hong Kong yote kwa basi, na chakula cha mchana humo humo. Haikupita nusu saa, watu watano wameshaandika "nipo". Nikabaki nimeshika simu mpaka uji wa mtoto ukaungulia sufuriani. Sikutaka kumharibia mtu riziki yake mbele ya kundi, lakini hapa ni kwangu, nitasema: pesa hiyo mnaitupa, na mji huo mtausikia kwa wenzenu.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kulipa. Ilikuwa Aprili, safari yangu ya kwanza. Tulikuwa wanawake wanne wa Dar na mama mmoja wa Mombasa aliyetuzidi sote umri. Tukapandishwa mlimani, ukungu umefunga, tukapewa dakika ishirini na tano tupige picha hilo wingu. Tukapelekwa hekaluni, dakika kumi na tano. Halafu tukaingizwa kwenye duka la mawe ya jade na kuwekwa humo saa nzima na robo. Yule mama ana kisukari. Aliomba atoke akanunue maji na kitu cha kutia mdomoni, akaambiwa asubiri kundi. Nilimwona ameketi kwenye kijibenchi kando ya kabati la bangili, mikono inamtetemeka, na muuzaji bado anamsogezea trei aangalie bei. Mpaka leo nikikumbuka naona uchungu.

Jioni tukarudishwa Kowloon, ng'ambo ya pili ya bandari, kwa njia ya chini ya bahari. Mtu umesafiri kutoka Dar es Salaam mpaka kwenye mojawapo ya bandari kubwa za dunia, halafu unaivuka ukiwa ndani ya handaki, umezibwa madirisha kwa giza, hata harufu ya chumvi hukuipata! Hapo ndipo nilipokasirika kweli.

Aliyeniokoa ni dada mmoja Mtanzania niliyekutana naye Chungking Mansions, pale Nathan Road. Waliofika wanalijua lile jengo: chini wabadilisha fedha na maduka ya simu, juu vyumba vya kulala vya mraba kama kabati, na foleni za lifti, moja ya ghorofa za shufwa na nyingine ya witiri. Kiswahili unakisikia hapo koridoni bila kukitafuta. Tukiwa kwenye foleni akaniuliza, "Mdogo wangu, bahari umeshavuka?" Nikamwambia nimevuka kwa basi. Akanitazama kwa huruma, akanishika mkono akanitoa nje, tukashuka Nathan Road mpaka ufukweni, penye mnara wa saa wa mwaka 1915 uliobaki baada ya stesheni ya zamani ya treni kubomolewa.

Hapo ndipo ilipo gati ya Star Ferry. Boti za kijani na nyeupe, kila moja ina jina la nyota. Zinavusha watu tangu 1888. Mara ya mwisho nilipovuka, siku ya kazi, nauli ya daraja la juu ilikuwa dola 5 za Hong Kong. Kwa fedha yetu haifiki sh. 2,000. Unaingia pamoja na makarani, wanafunzi wa shule, wazee na vikapu vyao vya mboga. Hakuna anayekuhimiza ununue kitu.

Kaa karibu na ukingo uangalie wanavyofanya kazi. Boti ile haina mbele wala nyuma, inakwenda pande zote mbili bila kugeuka, kwa hiyo egemeo la kila benchi la mbao linasukumwa kwa mkono upande wowote unaotaka kutazama. Pwaa! Pwaa! Abiria wapya wanasukuma maegemeo, kila mtu anageukia anakokwenda. Boti ikikaribia gati, baharia aliyevaa sare ya buluu anasimama na mti mrefu wenye ndoano, anaidaka kamba, anaizungusha kwenye nguzo mara mbili tatu, boti inalia kidogo kwenye mbao, ngazi inashushwa kwa kishindo. Mzee niliyemwona mimi aliidaka ile kamba huku anaongea na mwenzake, hakuitazama hata mara moja. Safari yenyewe haifiki dakika kumi. Katika dakika hizo unaona meli za mizigo, tishari, maboti ya polisi, na maghorofa ya pande zote mbili yanasogea kama yanatembea. Mimi nililia. Nilikuwa nimechoka, nimepoteza siku, na ghafla mji ukafunguka mbele yangu kwa bei ya andazi.

Sisi wa Dar hatuhitaji kufundishwa maana ya kivuko. Mwaka 2012 nauli ya Kigamboni ilipopanda kutoka sh. 100 hadi 200 mnakumbuka maneno yaliyosemwa, tukaambiwa asiyeweza apige mbizi. Basi someni yaliyotokea Hong Kong mwaka 1966. Star Ferry ilitaka kuongeza senti 5 kwenye nauli ya daraja la kwanza, kutoka 20 hadi 25. Kijana mmoja, So Sau-chung, akaenda kukaa gatini, akagoma kula, koti lake limeandikwa madai yake. Akakamatwa. Usiku uliofuata watu wakaingia barabarani Kowloon, vurugu zikaendelea, amri ya kutotoka nje ikatangazwa, mtu mmoja akafa na zaidi ya elfu moja wakakamatwa. Kwa senti 5! Ukiivuka bahari ile ukiwa unajua habari hiyo, ile boti huioni tena kama mapambo ya watalii. Ni mali ya watu, waliipigania. Mwaka 2006 gati ya zamani ya Central, upande wa kisiwa cha Hong Kong, ilipobomolewa ili bahari ijazwe udongo, wenyeji walikwenda kuizuia kwa miili yao. Wakashindwa, gati ikasogezwa mbele. Bahari ile imekuwa ikijazwa tangu enzi za Waingereza. Barabara ya Queen's Road, ambayo leo iko ndani kabisa ya mji, ndiyo iliyokuwa ufukwe. Ilibidi mwaka 1997 itungwe sheria ya kuilinda bandari isizidi kumezwa. Hakuna kiongozi wa basi aliyetueleza lolote kati ya haya, na huko dukani kwenye jade muda ulikuwepo tele.

Sikatai, mlimani kuzuri kukiwa hakuna ukungu. Lakini pandeni basi la kawaida namba 15 kutoka Central, au treni ya mlimani kama foleni inavumilika, kisha mtembee njia ya Lugard Road inayozunguka kilele. Bandari yote iko chini ya miguu yenu na hamtoi hata senti. Sanamu kubwa ya Buddha kule kisiwa cha Lantau nayo inastahili heshima yake, na mwenye magoti mabovu ana haki ya kupanda basi la watalii, simlaumu. Ile mianga ya maghorofa ya bandarini, inayowashwa saa mbili usiku, inatosha kuitazama mara moja.

Siku ikibaki nzima, msiimalize mjini. Ukishuka Star Ferry upande wa Central, magati ya visiwa yako hapo hapo. Gati namba 4 unakwenda Lamma, kutembea mlimani na kula samaki. Namba 5 unakwenda Cheung Chau, na hapo ndipo ninapowapeleka watu wangu. Ni kisiwa cha wavuvi kisicho na magari ya kawaida, ni baiskeli na vigari vidogo tu. Boti ya polepole inachukua kama saa moja, nayo ndiyo ya kupanda, maana unaweza kusimama nje upepo ukupige. Samaki wanaanikwa juani barazani, mashua zimefungwa ubavu kwa ubavu, kina mama wanagombana bei kama Feri alfajiri. Mtu wa pwani ukishuka pale mwili wenyewe unatulia.

Namba 6 ni ya Mui Wo, kule Lantau, na kutoka pale kuna basi namba 1 mpaka Tai O, kijiji cha nyumba zilizosimama juu ya miti ndani ya maji. Harufu ya uduvi uliosagwa na kuchachushwa kwa chumvi inakupokea kituoni, umeanikwa kwenye nyungo za duara. Uduvi wenyewe siku hizi unaletwa kutoka nje, kwa sababu uvuvi wa kukokota nyavu ulipigwa marufuku mwishoni mwa 2012. Wazee wa pale wanaendelea kuusaga hivyo hivyo.

Na asiyetaka kutoka mjini apande tramu. Zipo tangu 1904, zote za ghorofa, wenyewe wanaziita "ding ding" kwa kengele yake. Unaingia nyuma, unalipa mbele wakati wa kushuka. Chukua inayokwenda North Point, kaa juu mbele kabisa, uone inavyopenya katikati ya soko la mtaa wa Chun Yeung, wauza mboga wanasogeza matenga yao kwa mguu bila haraka, tramu inapita, matenga yanarudi.

Jambo moja la viza, kwa sababu nimeona watu wakikwama. Ukitoka China bara kuingia Hong Kong umehesabiwa umetoka. Viza ya kuingia mara moja imekwisha, hurudi Guangzhou na mzigo wako uko ghalani. Ombeni ya kuingia mara mbili au zaidi tangu ubalozini, au pangeni Hong Kong iwe mwisho wa safari. Treni ya kasi kutoka Guangzhou Kusini mpaka West Kowloon ni kama saa moja.

Yule mama wa Mombasa tulirudi naye mwaka uliofuata. Asubuhi ya kwanza nilimpeleka Star Ferry, maji na ndizi zimo mkobani. Akausukuma mgongo wa benchi, akaketi, akashika ukingo kwa mikono miwili. Boti ilipoondoka akasema, "Hii ni Likoni, mwanangu, wameipamba tu." Tulivuka mara nne, kwenda na kurudi, na hakuna aliyetuuliza tunashukia wapi.

Ninyi watano mlioandika "nipo", nitafuteni pembeni kabla hamjatuma pesa. Kwanza niambieni mko kwenye hoteli ya mtaa gani, nijue mtaanzia gati ipi.