Acheni kutupia kila kitu kwenye .bashrc

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa kompyuta hapa Mbeya swali hili haliishi: "Wakuu, nimeweka PATH kwenye .profile, nikifungua terminali naambiwa command not found." Haya ni mambo ya Linux: bash ndiyo inayosoma amri unazoandika kwenye terminali, PATH ni orodha ya folda inamozitafuta amri hizo, na .profile na .bashrc ni mafaili yake ya mipangilio. Jibu nalo ni lile lile: "Hamishia .bashrc, dogo. Imeisha hiyo."

Haijaisha. Imeahirishwa tu.

Terminali ya GNOME, ile ya Ubuntu, haifungui bash ya kuingilia (login shell). Kuingia ulishaingia, pale ulipoandika nywila, na .profile ilisomwa hapo, mara moja. Madirisha yote yanayofuata yanarithi yaliyokwishawekwa, kisha yanasoma .bashrc peke yake. Ukihariri .profile sasa hivi ukafungua dirisha jipya, hakuna kitakachobadilika. Toka kwenye akaunti, uingie tena. Ukiwa na haraka andika `. ~/.profile`, ila inafaa dirisha hilo tu. Hapo ndipo wengi wanapokwama na pip, kisakinishi cha programu za Python: .profile ya Ubuntu inaongeza ~/.local/bin iwapo tu folda hiyo ipo wakati unaingia. Kama pip imeiunda leo mchana, haimo kwenye PATH mpaka uingie upya. Watu wanafuta, wanapakua tena, bando linaungua bure.

Sasa ubaya wa .bashrc uko wapi? Programu unayoifungua kwa kubofya ikoni haikuzaliwa na terminali, kwa hiyo JAVA_HOME (inayosema Java iko folda gani) uliyoiandika .bashrc haiijui kabisa. Halafu fungua .bashrc ya Ubuntu uangalie mistari ya juu: kuna `case $- in`, na chini yake `*) return;;`. Maana yake, bash isiyoongea na mtu inageuzia hapo hapo. Skripti unayoiita kwa ssh, yaani kutoka kompyuta nyingine kupitia mtandao, haitaona chochote kilichoandikwa chini ya mstari huo. Wajanja wanapandisha mambo yao juu ya hiyo case, pamoja na `echo "Karibu bosi"`, kisha wanashangaa scp na rsync, amri za kunakili mafaili kupitia mtandao, zinagoma. Hongera bosi. Tena kila bash inayofunguliwa ndani ya bash inarundika PATH upya. Andika `echo $PATH | tr ':' '\n'` uone folda moja inavyojirudia.

Mgawanyo ni huu: kila chenye `export` kiende .profile, kwa sababu kinarithiwa na programu zinazofunguliwa baadaye. Alias (majina ya mkato ya amri), vitendaji na PS1 (maandishi yanayotangulia amri unayoandika) vibaki .bashrc, kwa sababu havirithiwi.

Kuna wanaoshauri "weka tiki" pia: mapendeleo ya terminali, wasifu wako, kichupo cha Command, "Run command as a login shell". Nakubali, kwa shingo upande, kwamba inafanya kazi. Kwenye terminali. Ikoni ziko pale pale gizani.

Wenye Mac mtuache kidogo. Terminal yenu inafungua bash au zsh (shell nyingine kama bash) ya kuingilia kwa kila dirisha, na tangu Catalina ya 2019 akaunti mpya zinakuja na zsh, kwa hiyo faili lenu ni ~/.zprofile. Ushauri wenu ndio unaowapoteza hawa.

Ukifuata yote na bado .profile haisomwi, andika `ls -a ~`. Kuna visakinishi vinavyokuundia .bash_profile bila kukuuliza. Bash ya kuingilia inatafuta .bash_profile, .bash_login, kisha .profile, inasoma ya kwanza inayoipata na kuishia hapo. Ongeza `. ~/.profile` ndani ya hiyo .bash_profile, basi.

Kwenye Mint, Linux nyingine, .profile inasomwa na sh, ambayo pale ni dash, shell nyepesi kuliko bash. Haijui `source` wala `[[`, tumia `.` na `[`. Ukiacha `if` bila `fi`, unaweza kuandika nywila, kioo kikawa cheusi, ukarudishwa kwenye nywila. Kabla hujaipeleka kompyuta kwa fundi wa pale Mwanjelwa akuwekee Windows, bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina na nywila yako, `nano ~/.profile`, funga hiyo `if`, kisha rudi kwa Ctrl+Alt+F7.