Kosa la kihusishi si upungufu wa akili

Wiki iliyopita mpwa wangu alirudi nyumbani na nakala ya barua yake ya kuomba kazi, ikiwa imechorwa duara jekundu mahali pamoja tu, pale alipoandika "interested with" badala ya "interested in". Aliyemsaili alikuwa ameisoma sentensi hiyo kwa sauti mbele ya wenzake, wakacheka. Hesabu zake, ambazo ndizo kazi yenyewe, hakuna aliyeziuliza.

Nimeumia, kwa sababu kosa lile limetoka katika Kiswahili fasaha. Sisi huvutiwa na kazi, na hiyo "na" ndiyo tunayotumia tunaposema "pamoja na", kwa hiyo anayefikiri kwa Kiswahili huandika "with" bila kusita. Ndivyo wengi wanavyoandika "married with", kwa kuwa kwetu mtu huolewa na mtu, na "it depends with", kwa kuwa kila siku tunasema inategemea na hali. Mara nyingine kihusishi cha Kiingereza, yaani neno dogo kama "in" au "with", hakina hata neno la kukilinganisha nacho, kwa sababu sisi tumekwisha kukitia ndani ya kitenzi: kuhama huwa kuhamia, kukimbia huwa kukimbilia. Mwanafunzi anayetafsiri "kalamu ya kuandikia" huandika "a pen to write" akaiacha "with", maana kwake kiambishi kidogo ndani ya "kuandikia" kimeshaifanya kazi hiyo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba barua ya kazi haina budi kuwa sahihi. Lakini shuleni tuliandikiwa ubaoni kwamba "in" ni katika na "on" ni juu ya, tukanakili, somo likaisha. Orodha hiyo haiwezi kumweleza mtoto kwa nini Mwingereza husema "at the weekend" na Mmarekani "on the weekend", ilhali siku ni zile zile. Kihusishi hufuata mazoea ya neno kinaloandamana nalo, na mazoea hayo yanafaa kufundishwa kwa kifungu kizima tangu siku ya kwanza.

Usiku ule tulikaa mezani na daftari. Hakuandika "interested" peke yake, wala "depend" peke yake. Aliandika "interested in", "depend on", "married to", kila kimoja ndani ya sentensi inayomhusu yeye na watu wake. Alipofika kwenye "married to" aliandika habari za mama yake na baba yake, akanisomea, kisha akaichukua ile barua akaanza kuiandika upya.