Fidla ya Montgomery na ligombo la Kalenga

Juzi, baada ya mazoezi ya kwaya hapa Iringa, nilimsikilizisha mwalimu wetu muziki wa Jessie Montgomery, mpiga fidla na mtunzi aliyezaliwa New York mwaka 1981. Muziki wenyewe unaitwa Strum, wa fidla mbili, viola na selo, ndugu wakubwa wa fidla. Mara nyingi wapigaji wanauacha upinde na kuzicharaza nyuzi kwa vidole kama gitaa. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada huyu angezaliwa Kalenga angepiga ligombo." Kalenga ni kijiji cha Wahehe karibu na Iringa, na ligombo ni ala yao ya uzi.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mimi nilikuwa nimekuja na hoja kwamba vijana wa kwaya watafutiwe fidla. Yeye alisema pesa hizo, kama zipo, zimfuate mzee anayejua ligombo kabla hajatuaga.

Hoja yake ina uzito. Ligombo la Wahehe ni uzi uliopitishwa mara kadhaa juu ya ubao uliochongwa kama hori dogo, pamoja na kibuyu cha kukuza sauti. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alilirekodi mwaka 1950. Mpigaji analipiga huku anaimba, na sauti ya uzi inafuata maneno. Sikio likishazoea do-re-mi, ligombo la babu linasikika kama limelegea, na kijana anaona aibu kulipiga. Tena uzi wa fidla ukikatika Makambako unasubiri basi la Dar es Salaam.

Ila mwalimu huyohuyo anatufundisha kwa solfa! Do-re-mi ilishaingia zamani, na haikuletwa na fidla. Ukienda Rungwe, ambako wamisionari Wamoraviani walifika mwaka 1891, matarumbeta yanasindikiza harusi na misiba, na hakuna mfiwa anayeuliza yametoka nchi gani. Kando ya Ziwa Nyasa watu walikwenda mbali zaidi: kwenye ngoma ya malipenga wanapuliza vibuyu vinavyoigiza tarumbeta za bendi za askari. Chombo cha mgeni kiligeuzwa kibuyu, na ngoma ikawa yao.

Montgomery kafanya kinyume chake, kachukua fidla na kuifanya icharazwe. Hakufika hapo kwa kipaji tu. Baba yake alikuwa mwanamuziki, mama yake mtu wa jukwaa la maigizo, na fidla aliianzia utotoni katika shule ya muziki ya mtaani kwao, kabla ya kwenda Juilliard, chuo kikubwa cha muziki huko New York. Baadaye akawa mtunzi mkaazi wa Orkestra ya Simfoni ya Chicago, 2021 hadi 2024, na mwaka huo wa mwisho akapata tuzo ya muziki ya Grammy kwa utunzi wake Rounds. Sisi tunaiona Grammy, shule ya mtaani hatuioni. Huku, anayetaka kusomea muziki anatazama Bagamoyo au Zanzibar, na kutoka Makete huko ni mbali. Fidla moja ndani ya kabati la kanisa haitabadili hilo, na hapa nakubali kwamba hoja yangu ilikuwa nyepesi.

Ninachobaki nacho ni kwamba Montgomery anaandika kile ambacho vidole vyake vinakijua. Walimu wengi wa kwaya nyanda hizi hutunga sauti nne vizuri sana, kisha ala zote wanamwachia kijana wa kinanda, naye anabonyeza mdundo uliokuja na mashine. Kwa hiyo, kwangu, chombo cha kuanzia ni kile chenye mtu wa kukufundisha kila wiki. Akipatikana wa fidla, sawa. Akipatikana wa ligombo, afadhali zaidi.

Mwalimu aliomba tuurudie muziki ule. Mara ya tatu alikuwa ameshageuza karatasi ya nyimbo, anaandika mdundo wake kwa solfa nyuma yake, anafuta, anaandika tena. Jumamosi anakwenda kwa mzee mmoja anayemfahamu. Ligombo lipo, kasema, ila kibuyu kilipasuka.