Kutuma linki si kukaribisha

Huku Ujerumani ninakosomea shahada ya uzamivu, waandaaji wa makongamano wakishahamishia mkutano wao Zoom hujihesabu wameshawashirikisha Waafrika. Viza haihitajiki, tiketi ya ndege haihitajiki, sasa tatizo liko wapi? Nusu ya hoja hiyo naikubali bila ubishi. Kuomba viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hela hairudi. Mtu anayetoka Songea anaongeza juu yake nauli ya Dar, malazi, na lundo la karatasi za kuthibitisha kwamba atarudi kwao.

Hata mabingwa hukwama hapo. Mwaka 2018 watafiti wengi wa Afrika walinyimwa viza za kwenda Montreal kwenye NeurIPS, kongamano kubwa la akili mnemba. Kongamano jingine la fani hiyohiyo, ICLR, likapangwa kufanyika Addis Ababa mwaka 2020, na sehemu ya hoja ilikuwa hiyo ya viza. Korona ikaingia, mkutano wote ukahamia mtandaoni. Sasa tazama walivyoupanga: mawasilisho yalirekodiwa mapema, mada zikapewa vipindi viwili vya maswali kwa saa tofauti, ada ikashushwa hadi dola 100, na 50 kwa wanafunzi. Walishiriki watu zaidi ya 5,600, zaidi ya mara mbili ya mwaka uliotangulia. Afrika ililipata kongamano hilo ana kwa ana Mei 2023, Kigali.

Linganisha na makongamano ninayohudhuria kwenye fani yangu ya sayansi ya udongo. Kila kitu mubashara, kamera wazi, ratiba kwa saa za mwenyeji. Kikao cha California kinachoanza saa saba mchana kwao majira ya kiangazi, Mbeya ni saa tano usiku, na kinakwisha saa tisa usiku. Mimi nami huku nakesha, ila kesho yake naingia ofisini saa nne na hakuna anayeniuliza. Mwenzangu wa Mbeya ana kipindi saa moja asubuhi, ukumbi mzima wa mwaka wa kwanza unamsubiri.

Huyo mwenzangu ndiye aliyenisukuma kuandika haya. Mwaka jana alikuwa na mada kuhusu matumizi ya chokaa kwenye udongo wenye tindikali, kazi aliyoifanya kwa misimu kadhaa pamoja na wakulima wa mahindi. Siku yenyewe umeme ulikatika tangu asubuhi. Akahamia kwenye gari, akaliegesha mahali penye mtandao wa afadhali: laptopu mapajani, simu ya hotspoti juu ya dashibodi, vioo amepandisha kwa sababu ya bodaboda, jasho linamtiririka. Slaidi ya tatu, picha ikaganda. Tukamsikia "mnanisikia? mnanisikia?", kisha kimya. Mwenyekiti wa kikao akasubiri kama nusu dakika, akasema kwa upole kwamba inaonekana mtandao umemtoa mwenzetu, twende kwa anayefuata. Aliporudi, dakika zake zilishakuwa za mtu mwingine. Na slaidi zake waandaaji walikuwa nazo, maana walizidai wiki moja kabla! Kilichohitajika ni mtu mmoja kuzifungua na mwingine kumpigia simu ya kawaida, dada wa watu aongee.

Watu wa huku hawajui adha ya bando. Chuoni kwangu unachomeka waya, unatazama video kutwa, mlipaji ni chuo. Nyumbani, Zoom ya video inaweza kula GB moja kwa saa, na kongamano la siku tatu linamaliza bando la mwezi, tena la mfukoni mwa mshiriki mwenyewe. Sauti tupu haifiki hata MB 100 kwa saa. Ndiyo maana mwenyekiti akianza kuhimiza watu wawashe kamera "tuonane", natamani kumuuliza nani analipia hizo sura.

Kuna jambo jingine ambalo hata sisi wenyewe hatulisemi sana. Mhadhiri akisafiri kwenda kongamano, anapewa barua ya ruhusa, posho, na mtu wa kumshikia vipindi. Akihudhuria mtandaoni, machoni pa watu yupo ofisini kama siku zote. Wanafunzi wanagonga mlango, mkuu wa idara anamwita kikaoni, mtihani unahitaji msimamizi. Akibaki nyumbani ndiyo balaa, hasa akiwa mama: yupo, kwa hiyo apike. Mimi nikiweka kongamano kwenye kalenda yangu ya kazi, siku hiyo imekwisha, hakuna anayenigusa. Hili halihitaji mfadhili wala Mzungu. Vyuo vyetu vitoe barua ya ruhusa hata kwa asiyepanda basi, na cheti cha ushiriki kihesabiwe kwenye upandishaji vyeo sawa na cha aliyepanda ndege.

Na tusijifanye malaika. Makongamano yetu ya mtandaoni yanaanza na saa nzima ya itifaki. Mgeni rasmi anasubiriwa, anasoma hotuba aliyoandikiwa, anaaga kwa sababu ya majukumu mengine ya kitaifa, na mabando ya watu yamekwisha kabla ya mada ya kwanza. Linki nayo imetumwa asubuhi ileile.

Lakini kuna kitu tunawazidi: grupu la WhatsApp. Mada inawekwa kwa PDF, mtoa mada anarekodi sauti ya dakika kumi, maswali yanaingia usiku, majibu yanakuja baada ya swala ya alfajiri, mtu wa Bujumbura anachangia akiwa kwenye foleni ya basi, na mjadala unakwenda wiki nzima. Aliyekatikiwa umeme anakuta kila kitu kinamsubiri. Kiziwi anasoma mjadala ulioandikwa na watu, tofauti na yale manukuu ya kompyuta ambayo yakisikia Kiingereza cha Mnyakyusa huandika maajabu. Maprofesa wa huku nikiwaeleza hili wanatabasamu, eti si utaratibu wa kitaaluma. Kwangu mimi swali lililofikiriwa usiku kucha lina taaluma zaidi ya lile linalorushwa dakika ya mwisho kwa sababu muda umebaki.

Hela nayo ipo. Mkutano ukiwa mtandaoni hakuna ukumbi wa kukodi, wala kahawa, wala chakula cha kuagana. Mwaka huu nimo kwenye kamati ya maandalizi, nikaomba mambo mawili: kikao kimoja kiongozwe kutoka Mbeya kwa saa za Mbeya, na watoa mada walioko Afrika watumiwe fedha za bando kwa simu. La kwanza limepita. La pili nimejibiwa kwamba uhasibu haulipi pasipo na ankara, na isitoshe bajeti imeshafungwa. Kwenye bajeti hiyohiyo iliyofungwa kuna mifuko ya kitambaa yenye nembo ya kongamano, itakayotumwa kwa posta kwa washiriki wenye anwani za Ulaya.