Kampuni ikifilisika, kifaa kilichomo kichwani ni cha nani?

Kati ya mwaka 2010 na 2011, madaktari wa Melbourne, Australia, waliwapandikizia watu 15 wenye kifafa sugu kifaa cha kunasa ishara za ubongo. Elektrodi, yaani vipande vidogo vya kunasa umeme wa ubongo, zililazwa juu ya ubongo, chini ya fuvu. Waya ukapitishwa chini ya ngozi hadi kwenye kisanduku kifuani, nacho kikatuma ishara bila waya kwenye kifaa cha mkononi chenye taa. Buluu: hatari ni ndogo. Nyekundu: kifafa kinanyemelea. Kwa mtu asiyejua kama ataanguka barabarani au juu ya jiko la moto, taa ile ni uhuru.

Kisha kampuni iliyotengeneza kifaa hicho, NeuroVista, ikaishiwa fedha. Mwanamke mmoja aliomba abaki nacho, yeye na mumewe wakajaribu hata kukinunua. Kikatolewa.

Naanza na kisa hiki kwa sababu mjadala kuhusu vifaa vya kupandikizwa ubongoni umeelemea mno kwenye hofu ya kusomwa mawazo. Hofu hiyo ina msingi, na Chile ilifanya vyema mwaka 2021 kuingiza ulinzi wa taarifa za ubongo katika katiba yake. Lakini vifaa vya leo hutambua zaidi nia ya kusogeza mkono au kutamka neno, tena baada ya mwenyewe kukubali kufanya mazoezi navyo.

Faida ya kuondoa waya ni kubwa kuliko inavyosikika. Katika majaribio ya BrainGate yaliyoanza 2004, ya kuwawezesha waliopooza kutumia kompyuta kwa ishara za ubongo, kebo ilitokea kichwani kupitia ngozi: mlango wa vijidudu, na mgonjwa hawezi kukitumia kifaa bila fundi kumuunganisha. Noland Arbaugh, Mmarekani aliyepooza kuanzia mabegani, alipandikizwa kifaa kisicho na waya cha Neuralink, kampuni ya Elon Musk, mwezi Januari 2024. Hucheza chesi kwenye kompyuta akiwa kitandani kwake, kwa nia tu. Wiki chache baadaye nyuzi nyingi zenye elektrodi zilichomoka kwenye ubongo wake, uwezo ukashuka, na wahandisi wakaurudisha kwa kubadili programu, bila kumpasua tena.

Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Mkono wa kampuni uliomwokoa ni ule ule anaoutegemea kila siku, na siku ukiondoka hakuna fundi mwingine wa kumwendea.

Watengenezaji hujibu kwamba wakilazimishwa kuahidi huduma ya maisha, kampuni changa hazitathubutu kuanza, na waliopooza wataendelea kusubiri. Hoja hiyo ni nzito, siipuuzi. Lakini anayejitolea kwa jaribio la namna hii anafunguliwa fuvu, na hatari ya kwanza anaibeba yeye. Kabla ya kisu kugusa ngozi, fedha za matunzo ziwekwe kando mahali ambapo wadai wa kampuni hawazifikii, na michoro ya kifaa ikabidhiwe hospitali, ili mhandisi mwingine aweze kukiendeleza mgonjwa akitaka kubaki nacho.