Sinza au Goba? Kabla hujampa dalali kodi ya miezi sita

Binamu yangu kahamishiwa Dar kikazi kutoka Mwanza, ofisi yake iko Posta katikati ya jiji, anakuja na shemeji na watoto watatu, mkubwa yuko darasa la tano na wa mwisho hata chekechea hajaanza. Wiki iliyopita kanipigia na swali moja tu, kaka tukae mjini au tukae nje ya mji? Nikajikuta nimeongea dakika arobaini na nusu ya niliyosema inapingana na nusu nyingine, maana mimi mwenyewe nimepanga Sinza, mjini, miaka tisa halafu nikahamia kwangu Goba, nje ya mji, na ukiniuliza wapi bora jibu litategemea siku hiyo nimeamkaje. Sasa nimetulia, acha niliandike vizuri, najua siyo yeye peke yake anayehangaika nalo.

Kwanza tuelewane hapa. Dar ukisema nje ya mji usije ukawa na picha ya kwenye tamthilia, nyumba zimepangwa mstari, majani yamekatwa, watoto wanaendesha baiskeli kwenye lami. Sehemu za hivyo zipo, Mbweni mfano, na baadhi ya maeneo ya ule mradi wa viwanja elfu 20 wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ila bei zake tuziache. Kwa wengi wetu nje ya mji ni Goba, Madale, Msumi, Kivule, Chanika, Chamazi, Toangoma, sehemu ambayo mtu alinunua shamba la mikorosho, akalikatakata, akamuuzia huyu na yule, njia ya gari ikaja kukumbukwa mwishoni. Nyumba zinatangulia, barabara inafuata baadaye sana, maji yanakuja yakijisikia.

Na watu wanaenda tu. Sensa ya 2012 ilihesabu Dar watu 4,364,541, ya 2022 ikahesabu 5,383,728, yaani milioni moja zaidi ndani ya miaka kumi, ni wengi lakini angalia Pwani: kutoka kama milioni 1.1 mpaka milioni 2 na kitu, karibu mara mbili! Ukipita Vikindu, Mlandizi au Mapinga unaelewa hizo namba bila kuelezwa, Dar imemwagika, mtu anasema anaishi Dar kumbe kimkoa yuko Pwani na kila asubuhi anavuka mpaka kwenda kazini.

Haya, kinachowapeleka huko ni nini. Nafasi, kwanza kabisa. Hela ambayo Sinza inakupa vyumba viwili na sebule, jiko la kupishana, luku (mita ya umeme) ya kushea na wapangaji wenzako wanne (na huo ugomvi wa nani ana friji kubwa na nani anapiga pasi kila siku, Mungu anajua), hela hiyohiyo Goba au Madale unapata nyumba nzima, vyumba vitatu kimoja masta, fensi, geti, sehemu ya kufuga kuku na kupanda mchicha. Familia ya watu watano hilo si jambo dogo. Sinza sisi tulikuwa ukuta kwa ukuta na baa, wikiendi mziki mpaka saa tisa usiku, mtoto wangu wa pili amejua matusi ya walevi kabla hajajua kusoma. Goba usiku unasikia vyura. Mwezi wa kwanza nilishindwa kulala kwa ukimya.

Halafu kuna kitu ambacho watu wanakisema vibaya, kwamba nje ya mji ni kuzuri kwa watoto, watacheza. Mimi nilikiamini. Nilichokikuta ni kwamba kila nyumba ina fensi yake, fensi ina nyaya za umeme juu, ndani kuna mbwa, na mtoto wangu anacheza na dada wa kazi na katuni. Majirani nimewajua kwenye misiba. Kule Sinza pamoja na kelele zote watoto walikuwa wa mtaa, ukimtuma dukani kwa Mangi anarudi na chenji na umbea wa mtaa mzima, mama wa nyumba ya tatu akimuona kwenye lami anamchapa kofi kisha anamleta nyumbani. Leo uwanja wa kucheza ninao, watoto wa kucheza nao ndio hawapo. Labda watakuja, mtaa bado mpya, sijui.

Ila kinachouma kweli ni muda, na hapa ndipo nilipomwambia binamu asikilize vizuri.

Basi la shule linaanza kwa aliye mbali. Ndiyo hesabu yake, dereva anaanzia mwisho wa njia anakusanya watoto akirudi mjini, kwa hiyo aliye mbali anachukuliwa wa kwanza asubuhi na jioni anashushwa wa mwisho. Sisi tulipohama hatukutaka kumhamisha mkubwa shule, alikuwa anafanya vizuri, shule iko karibu na mjini, tukaona siyo mbaya basi si lipo. Saa kumi na moja kasorobo alfajiri mtoto wa miaka tisa anaamshwa, anavalishwa amelala, anapewa chai kwenye chupa, honi inapigwa getini nje bado giza. Anarudi saa moja usiku. Anakula, homuweki anaifanya kichwa kimelala kwenye daftari, kesho tena. Tulienda hivyo muhula mzima na mwisho wa muhula akashuka kutoka wa nne mpaka wa ishirini na kitu, mwalimu anatuuliza kama kuna matatizo nyumbani. Matatizo gani, nyumba mpya nzuri, ana chumba chake mwenyewe! Ambacho anakiona giza asubuhi na giza jioni.

Tukamhamishia shule ya huku jirani, si nzuri kama ile lakini anaamka saa kumi na mbili, na karudi kuwa mtoto. Kwa hiyo binamu akisema watoto watasoma mjini ila familia ikae nje kwenye hewa nzuri, namwambia hiyo hewa nzuri watoto wataisikia kwa simulizi. Shule za serikali ada ilifutwa, 2016 mpaka kidato cha nne, 2022 mpaka cha sita, lakini shule za msingi za pembezoni kama Mbagala na Chanika kujaa kwake siyo siri, mji unakimbia kuliko madarasa.

Hela nayo tuiongelee kidogo tu maana kila mtu ana hesabu yake. Tuseme kodi ya nje inakuokolea laki mbili kwa mwezi. Toa daladala mbili kwenda na mbili kurudi za baba, za mama kama naye anafanya kazi, toa boda ya kutoka kituoni mpaka nyumbani (na mvua ikinyesha boda anajitajia bei anayotaka), toa basi la shule ambalo kwa umbali linapanda, toa boza la maji pale bomba linapokata wiki nzima na kisima kinatoa maji ya chumvi. Ukimaliza kutoa niambie imebaki ngapi. Ukiwa na gari ndio kabisa, mafuta unachoma umesimama kwenye foleni, na wa Kigamboni ajumlishe na hela ya kuvuka, daraja limefunguliwa 2016 limesaidia sana lakini siyo la bure kwa mwenye gari, na panton, kile kivuko cha majini, nayo ina foleni yake.

Sasa nisije nikaonekana nampigia debe Sinza. Mjini kuna mambo yake. Ukipata nyumba ya bei nafuu karibu na katikati uliza kwanza kwa nini ni nafuu. Bonde la Msimbazi, Jangwani na Mkwajuni kule, Desemba 2011 watu walipoteza kila kitu kwa mafuriko na serikali ikawahamishia Mabwepande, huko mbele ya Bunju, yaani kutoka unapokwenda Kariakoo kwa miguu mpaka unapohitaji nusu siku. Familia moja unaionyesha mjini kubaya na nje kubaya ndani ya mwezi mmoja. Ukienda kuangalia nyumba angalia ukutani kuna mstari wa tope kwa chini au rangi imepakwa juzi nusu ukuta, dalali hatakwambia.

Na kuna huyu mwenye nyumba. Nimekaa nyumba tatu ndani ya miaka tisa na ya mwisho nilipewa miezi mitatu kwa sababu kijana wake anaoa, nikarudi tena kwa dalali, hela ya kuonyeshwa, mwezi mmoja wa udalali, miezi sita mbele, kupaka rangi ukuta wa watu. Mtu akikwambia amechoka kupanga muelewe. Hicho ndicho kilinitoa mimi mjini, wala siyo vyura.

Na nafikiri hapo ndipo swali la binamu lilipokaa vibaya. Analiuliza kama ni suala la mtaa upi mzuri, lakini ukiwaangalia watu wa Goba, Kivule, Chamazi, wengi hawakwenda huko kutafuta utulivu, walifuata kwao. Walinunua walipoweza kununua. Mtu anakubali vumbi, anakubali kuamka saa kumi, anahamia pagale halijapigwa plasta madirisha yamezibwa na mabati, kwa sababu kila mwezi unaopita ile ni yake, barabara ikipita bei inapanda na inayopanda ni yake. Waliochukua viwanja Mbezi na Goba zamani wakachekwa kwamba wamenunua pori, leo nani anacheka? Shida zile wanazilipia lakini kuna kitu wanachonunua.

Mpangaji akienda huko analipa shida zote za mwenye nyumba na hapati nyumba. Vumbi lake, boda yake, mtoto wake analala na yunifomu, halafu lami ikifika mtaani kinachompata yeye ni kupandishiwa kodi. Mimi kwa upande wangu hapo ndipo mizani inapolala: kama unapanga na kazi iko Posta, panga ndani, hata kama ni vyumba viwili na watoto walale kitanda cha juu na chini. Nje uende siku ukienda kwako.

Binamu naye siyo mjinga, akanijibu hoja mbili na zote zina uzito. Ya kwanza, ukipanga kule unalijua eneo kabla hujanunua, masika moja tu inakuonyesha maji yanapita wapi, korongo linakula upande gani, na nani ameuza kiwanja kimoja mara mbili. Ya pili, akianza kujenga lazima awe karibu, fundi akijua bosi yuko Sinza saruji inatembea kwa miguu. Kweli tupu, mimi mwenyewe saruji yangu imetembea. Lakini hajanunua hata kiwanja bado, na watoto wanaanza shule Januari. Kupanga karibu na saiti ni kwa mwenye saiti.

Pia niongeze kwamba huku kugawa mji na nje ya mji kunazidi kupitwa. Mtu anayefanya kazi Mwenge au Tegeta, Goba kwake siyo mbali hata kidogo. Stendi kuu ya mabasi imeshatoka Ubungo ikaenda Mbezi Luis toka 2021, Mloganzila ina hospitali kubwa, kwa hiyo wa Kibamba mtoto akiwaka homa usiku hana haja ya kuwaza Muhimbili. Na wa ndani nao wanajengewa kwenda juu, Magomeni Kota pale zilikuwa nyumba za chini, sasa ni maghorofa ya kaya 644. Ila binamu kazi yake ni Posta, tusimdanganye na habari za Tegeta.

Kuna ya katikati pia, njia ya mwendokasi. Awamu ya kwanza ilianza Mei 2016, Kimara mpaka Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, kama kilometa 21 jumla, na mwanzoni watu wa Kimara tulikuwa tunawaonea wivu. Sasa hivi ukiwauliza watakwambia kuhusu kusubiri, kubanana, watu kuingilia dirishani. Bado kwa mtu wa Posta mwenye watoto, basi lenye njia yake mwenyewe hata likichelewa siyo sawa na daladala iliyokwama Mwenge watu wamening'inia mlangoni.

Basi wamechukua nyumba Kimara Korogwe, vyumba vitatu, siyo fensi yao peke yao lakini luku yao wenyewe, hilo shemeji alilikazia tangu mwanzo. Shule ya watoto ni ya kutembea kwa miguu. Binamu bado anaulizia viwanja Kiluvya, kuna mtu kamwambia ishirini kwa ishirini, hati iko mbioni, neno ambalo mimi nalisikia toka 2009. Jumamosi tunaenda kukiona, nimemwambia avae viatu vya tope na asitembee na hela.